Ugonjwa wa misuli na ngozi unaoweza kuwa umeficha kansa

Kuna ugonjwa mmoja wa misuli na ngozi ambao ukimpata mtu mzima, hasa aliyevuka miaka 40, haitoshi dokta kuutibu wenyewe akaishia hapo, inabidi ajiulize pia umeletwa na nini, kwa sababu kwa baadhi ya watu huo ugonjwa ndo dalili ya kwanza kabisa ya kansa iliyojificha kwingine mwilini, labda kwenye mfuko wa mayai, labda kwenye mapafu au tumbo au titi, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Unaitwa dematomayositisi. Jina gumu najua, ila liandike mahali, maana ndugu anayemsindikiza mgonjwa akilitaja mapema mbele ya dokta linaweza kuokoa miezi mingi ya kuzunguka hospitali.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka inaanza kushambulia misuli pamoja na ngozi na mishipa midogo ya damu. Misuli inavimba ndani kwa ndani, nyuzi zake zinakufa kidogo kidogo, nguvu inaisha. Inayoumia kwanza ni ile misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, ya nyonga, mapaja, mabega na shingo, pande zote mbili kwa pamoja, na ndo maana mgonjwa wa hivi hasemi sana "naumwa", anasema "siwezi". Siwezi kuinuka kwenye kigoda mpaka nishike kitu. Siwezi kupanda daladala mpaka konda anivute mkono. Kuchuchumaa chooni naweza, kuinuka ndo shughuli. Mama aliyekuwa anasuka nywele za wanae anakuta mikono haikai juu hata dakika mbili, ndoo aliyokuwa anajitwisha mwenyewe sasa lazima atwishwe, usiku kitandani kuinua tu kichwa kwenye mto ni kazi. Lakini mpe kalamu ataandika vizuri, vifungo vya shati atafunga, maana misuli midogo ya vidole mara nyingi bado iko salama, na hapo ndo inatofautiana na kiharusi kinachopiga upande mmoja au matatizo ya neva yanayoanza na ganzi vidoleni.

Halafu ngozi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwetu ndipo ugonjwa unapopita mbele ya macho ya watu bila kujulikana. Picha nyingi za kwenye vitabu vya udaktari ni za Wazungu, unaona kope za rangi ya waridi, vifundo vyekundu, kifua chekundu kama kimeungua jua, na mtu aliyesoma kwa picha hizo anategemea kuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu wengi hawaupati. Kope za juu zinakuwa nyeusi kuliko uso wote, zambarau iliyokolea au kijivu, tena mara nyingi zimevimba, asubuhi mtu anaamka anaonekana kama kalia usiku kucha. Juu ya vifundo vya vidole vya mikono vinatokea vinundu bapa, vingine vina magamba, vikipoa vinaacha madoa, na viwikoni na magotini vivyo hivyo. Kifuani mabaka yanafuata umbo la shingo ya gauni, mabegani na mgongoni yanatanda pale pale mtandio unapokaa, meusi yamechanganyika na sehemu zilizopauka, na yanawasha, jamani yanawasha, kuna wagonjwa wanaolalamikia muwasho wa kichwani kuliko hata udhaifu wa miguu. Ukiangalia kwa karibu mzizi wa kucha unakuta pamevimba na vimishipa vyembamba vya damu vinaonekana kwa macho.

Sasa mtu wa namna hiyo akienda duka la dawa anapewa krimu ya aleji. Akirudi anapewa ya fangasi. Majirani wanasema ni mkorogo umemkataa, na kama kweli alishawahi kutumia vipodozi vya kujichubua basi kesi imefungwa hapo hapo, hakuna anayeuliza tena. Wengine wanasema karogwa, kwa sababu miguu imeisha nguvu na uso umebadilika na hospitali vipimo vya malaria na taifodi havioni kitu. Siwalaumu wanaofika huko, ugonjwa huu ni adimu na unatisha kuutazama, ila naomba sana jambo moja likae kichwani: mabadiliko ya ngozi usoni na kwenye vifundo yakija pamoja na kushindwa kuinuka au kunyanyua mikono, hayo si mambo mawili tofauti, ni ugonjwa mmoja mpaka uthibitishwe vinginevyo. Na wapo ambao ngozi inaonyesha kila kitu lakini misuli haina shida kabisa au ina shida ndogo sana, hao nao wanahesabika kuwa na dematomayositisi, na suala la kansa linawahusu pia.

Kuna mtego mwingine wa maabara ambao ningependa hata wahudumu wenzangu wa vituo vya afya wausome. Mgonjwa anafika amechoka, anapimwa damu, majibu yanarudi vimeng'enya vya ini viko juu, vile vinavyoandikwa ALT na AST, basi anaambiwa ini lina shida, anapimwa homa ya ini, anakatazwa mafuta, anapewa vitamini na miezi inakwenda. Vimeng'enya hivyo havikai kwenye ini peke yake, vimo kwenye misuli pia, misuli ikiharibika vinamwagika kwenye damu vile vile. Kipimo kinachotenganisha ni kreatini kinasi, maabara wanaandika CK, si kipimo cha bei kubwa ukilinganisha na mizunguko yote ile, na kwa mgonjwa wa misuli kinaweza kufika maelfu. Nitaongeza hapa kwamba watu weusi wengi CK yao ya kawaida iko juu kidogo ya kile kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi ya majibu, kwa hiyo kupanda kidogo tu kusimtie mtu hofu, na upande wa pili kuna wagonjwa wa dematomayositisi ambao CK yao ni ya kawaida kabisa, hivyo karatasi moja haimalizi maneno, mgonjwa lazima avuliwe shati atazamwe.

Habari ya kansa sasa. Si jambo jipya. Mwaka 1916 huko Ujerumani madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wenye uvimbe wa misuli wa aina hii waliokutwa na kansa, mmoja ya tumbo na mwingine ya titi, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walibishana kama ni bahati mbaya tu au kweli vinahusiana. Ubishi ulikuja kupungua nchi za Skandinavia zilipotumia rejista zao za wagonjwa, maana kule kila anayelazwa na kila anayepata kansa anaandikwa kwenye daftari la taifa, unaweza ukalinganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukiunganisha Sweden, Denmark na Finland ulikuta kati ya watu 618 wenye dematomayositisi, 198 walikuwa na kansa, na 115 kati yao kansa ilijulikana baada ya ugonjwa wa misuli kutambuliwa. Ukilinganisha na watu wa kawaida wa umri na jinsia ile ile, hatari ilikuwa kama mara 3. Kwa ndugu yake dematomayositisi anayeitwa polimayositisi, ambaye anashambulia misuli bila kugusa ngozi, hatari iliongezeka pia ila kidogo, kama mara 1.3. Kansa zilizojitokeza zaidi kwa wenye dematomayositisi zilikuwa za mfuko wa mayai, mapafu, kongosho, tumbo, utumbo mpana na limfoma, yaani kansa ya tezi za limfu.

Naomba mtu asisome hiyo namba akaanguka. Maana yake ni kwamba hata kwenye utafiti ule uliofuatilia watu kwa miaka mingi, wagonjwa wawili kati ya watatu hawakuwa na kansa. Tafiti nyingine zinatoa idadi ndogo zaidi, nyingi ziko kati ya asilimia 15 na 30 kwa watu wazima. Kwa hiyo aliyeambiwa leo ana dematomayositisi hajaambiwa ana kansa, ameambiwa kuna sababu ya kutosha ya kutafuta, na ya kutafuta mapema, kwa sababu kansa nyingi zinazohusiana na ugonjwa huu zinaonekana ndani ya mwaka mmoja wa kabla au baada ya misuli kuanza kuumwa, kisha hatari inashuka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Wataalamu wanachukulia miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada kama ndo dirisha la kuangalia kwa makini.

Kwa nini uvimbe ulioko kwenye mfuko wa mayai ufanye kope ziwe nyeusi na miguu iishe nguvu? Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Seli ya kansa inapoharibika vinasaba vyake inaanza kutengeneza protini zilizobadilika au kutengeneza nyingi kupita kawaida, kinga ya mwili inaziona, inasema huyu mgeni, inatengeneza antibodi za kupambana naye. Hapo kinga inafanya kazi nzuri. Shida ni kwamba protini hizo hizo au zinazofanana nazo zipo pia kwenye misuli, hasa kwenye seli changa za misuli zinazojaribu kujitengeneza upya baada ya kuumia, basi inakuwa kama polisi anayetafuta mwizi aliyevaa shati jekundu halafu akafika sokoni akaanza kukamata kila mwenye shati jekundu. Mwaka 2005 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walionyesha hilo, kwamba protini zinazolengwa na kinga kwenye magonjwa haya ziko chache sana kwenye misuli mizima, lakini ziko nyingi kwenye seli za misuli zinazojijenga upya na ziko nyingi kwenye baadhi ya kansa. Na kwa sababu kila msuli unavyoumia ndivyo unavyojijenga upya, unazidi kuzalisha kile kile kinachoshambuliwa, ugonjwa unajilisha wenyewe.

Kinachonigusa mimi kwenye maelezo hayo ni kwamba kwa watu hawa mwili ulishaiona kansa kabla yetu. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa mdogo sana, kinga imeushikilia, wakati huo ngozi na misuli vinapiga kelele. Kelele hizo zikisikilizwa mapema mtu anaweza kukutwa na kansa katika hatua ambayo bado inatibika, na zikitulizwa tu kwa dawa bila kuuliza zimetoka wapi, tumepoteza nafasi ambayo wagonjwa wengi wa kansa hawaipati kabisa.

Siku hizi kuna antibodi zinazoweza kupimwa kwenye damu ambazo zinasaidia kujua nani atafutwe kwa nguvu zaidi. Inayojulikana sana ni ile inayolenga protini iitwayo TIF1-gama, iligundulika miaka ya 2000, na mtu mzima mwenye dematomayositisi akikutwa nayo uwezekano wa kansa unapanda sana. Nyingine ni ya NXP2. Kuna nyingine upande wa pili, kama ile ya Jo-1, ambayo inaendana zaidi na mapafu kukakamaa na viungo kuuma, na hatari yake ya kansa ni ndogo. Kwetu hospitali nyingi hazina kipimo hicho, sampuli inasafirishwa na gharama inakuwa kubwa, lakini mtu asikate tamaa hapo, kwa sababu mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 na kundi la wataalamu linaloitwa IMACS haukutegemea antibodi peke yake. Mambo yanayoongeza hatari ambayo dokta yeyote anaweza kuyaona kwa macho na masikio ni haya: ugonjwa wenyewe kuwa dematomayositisi, kuanza baada ya miaka 40, kushindwa kumeza kwa kiwango cha kati au kikali, ngozi kuoza na kuwa vidonda, na ugonjwa kugoma kutulia hata baada ya dawa. Ukiwa na mawili au zaidi ya hayo wewe uko kundi la hatari kubwa na unatakiwa upimwe kwa upana, hata kama hujawahi kuisikia hiyo TIF1-gama.

Kupimwa kwenyewe kunaanza na vitu vya kawaida mno. Maswali kwanza: umepungua uzito bila kutaka, unatoka jasho usiku, haja kubwa imebadilika au ina damu, mama aliyekoma hedhi anaona damu tena, kikohozi hakiishi, tumbo linajaa upesi ukila kidogo. Kisha mwili wote unapimwa kwa mikono, matiti yote mawili na kwapa, shingo, tumbo, matezi ya kinenani, kwa mwanaume tezi dume na korodani, kwa mwanamke via vya uzazi. Najua hapa ndipo watu wetu wanapoona haya, hasa wazee mbele ya dokta kijana, au mama akikuta dokta mwanaume. Una haki ya kuomba dokta au nesi wa jinsia yako awepo, ombi hilo linaeleweka kabisa, ila usikatae kupimwa. Halafu damu, mkojo, kazi ya ini na figo, eksirei ya kifua. Hivyo vyote vinapatikana hospitali nyingi za mkoa.

Kwa walio kwenye hatari kubwa vinaongezeka siti skani ya shingo, kifua, tumbo na nyonga, mamografia yaani eksirei ya matiti, kipimo cha damu cha PSA cha tezi dume kwa wanaume, kwa wanawake utrasaundi ya nyonga na kipimo cha damu cha CA-125 kwa ajili ya mfuko wa mayai, uchunguzi wa mlango wa kizazi, na kipimo cha kuangalia damu iliyojificha kwenye choo. Vyote vikiwa safi na bado mashaka ni makubwa, ndo unakuja mpira wa kuangalia tumbo na utumbo mpana, au skani ya PET, ile inayotafuta kansa mwili mzima kwa mara moja, pale inapopatikana. Na kwa mwenye hatari kubwa vile vipimo vya mwanzo, vya kawaida, vinarudiwa kila mwaka kwa miaka mitatu. Hili la kurudia watu wengi hawaambiwi, au wanaambiwa wanasahau, mtu kapima mwaka wa kwanza kaambiwa uko safi, akafurahi na haki yake kufurahi, basi hakurudi tena. Safi ya mwaka wa kwanza inahesabu mwaka wa kwanza tu.

Mwongozo ule umeandikwa kwa dunia nzima, kila sehemu inabidi iangalie kansa za kwake. Kusini mwa China na Asia ya kusini mashariki wagonjwa wa dematomayositisi wanaongoza kwa kansa ya nyuma ya pua, kwa hiyo kule mtu anaingizwa kamera puani kama sehemu ya kawaida, na huku Kenya nayo kansa hiyo si ngeni kama ilivyo Ulaya, hivyo mgonjwa mwenye damu puani, sikio moja kuziba au uvimbe wa shingo asiachwe bila kuangaliwa na dokta wa masikio, pua na koo. Kwa Tanzania mlango wa kizazi ndo kansa inayoongoza kwa wanawake, na uchunguzi wake kwa kupaka siki ya hospitali unafanyika kliniki nyingi za mama na mtoto, kwa hiyo kwa mama mwenye ugonjwa huu hakuna sababu ya kusubiri rufaa ya hospitali kubwa ndo aangaliwe hilo.

Ila kansa ninayotaka kuiongelea zaidi ni ya umio, bomba la chakula. Ukanda wetu huu unaoanzia Ethiopia ukashuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini una kansa ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili yake kuu ni kushindwa kumeza. Dematomayositisi nayo inadhoofisha misuli ya koo, mgonjwa anashindwa kumeza. Unaona ugumu ulipo. Mtu ana ugonjwa wa misuli uliothibitishwa, anasema chakula hakipiti, ni rahisi sana dokta kusema hiyo ni misuli ya koo, dawa zitasaidia. Zipo tofauti za kumsikiliza mgonjwa: wa misuli ya koo anapata shida pale mwanzo kabisa wa kumeza, anapaliwa na maji, kimiminika kinarudi puani, sauti inakuwa ya puani; wa umio anameza vizuri halafu anahisi tonge limekwama kifuani, inaanza na ugali na nyama, baadaye uji, mwishoni hata maji. Tofauti hizo zinasaidia lakini zisitegemewe peke yake, na kwa maoni yangu mgonjwa yeyote wa ukanda huu mwenye dematomayositisi na shida ya kumeza anastahili kuangaliwa umio kwa kamera, hata kama kwenye miongozo ya nje hicho si kipimo cha mwanzo. Wakati anasubiri ale akiwa amekaa wima, vyakula laini, tonge dogo, na asilale mara tu baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia inayoweza kumuua kabla hata ya kansa.

Matibabu ya misuli yenyewe huanza na steroidi, mara nyingi prednisoloni, ikiongezewa dawa nyingine kama metotrekseti au azathioprini ili dozi ya steroidi ipunguzwe taratibu baadaye. Hizi dawa zinasaidia kweli, mtu anainuka kitini, ila zina mambo matatu ya kujua kabla. La kwanza, zinashusha kinga, kwa hiyo TB iliyolala inaweza kuamka, na baadhi ya minyoo inayokaa kimya tumboni kwa miaka inaweza kusambaa mwilini, ndo maana upimwe TB, VVU na homa ya ini B na utibiwe minyoo kabla au mwanzoni kabisa. La pili, zinapandisha sukari na presha na kulegeza mifupa, na hazikatwi ghafla hata ukijisikia umepona, mwili ulishaacha kutengeneza steroidi ya kwake. La tatu ndilo linalohusu mada yetu: steroidi inaweza kupunguza uvimbe wa limfoma kwa muda na kuufanya usitambulike vizuri kwenye kinyama kilichokatwa, kwa hiyo kama kuna tezi lililovimba shingoni au kwapani na hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri siku chache, likatwe na lipelekwe maabara kabla dawa hazijaanza. Hali ikiwa mbaya, hawezi kumeza au kupumua, hapo hakuna kusubiri, dawa zinaanza na uchunguzi unaendelea sambamba.

Ndo maana pia nasisitiza watu waache kujinunulia prednisoloni au deksamethasoni dukani kwa ajili ya "aleji". Unatumia wiki tatu, uso unanenepa, muwasho unatulia, nguvu zinarudi kidogo, ukifika hospitali dalili zote zimefifia na dokta hana cha kuona, huku kilichokuwa kinazalisha ugonjwa kiko pale pale kinakua.

Kuhusu watoto na vijana nataka niwatoe hofu wazazi. Dematomayositisi inawapata watoto pia, na wengine wanakutwa hata na ile antibodi ya TIF1-gama, lakini kwa watoto haiendani na kansa kama kwa watu wazima, kwa hiyo mtoto hahitaji kupitishwa kwenye misururu ya siti skani isipokuwa kuna dalili za ajabu. Ila ugonjwa wenyewe si wa kudharau. Wapenzi wa filamu za Kihindi watakumbuka Februari 2024 mwigizaji kijana wa India, Suhani Bhatnagar, alifariki akiwa na miaka 19 tu na familia yake ikaeleza kwamba alikuwa na dematomayositisi. Bila kansa yoyote ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye mapafu na kwenye misuli ya kupumua na kumeza, na kijana anayeishiwa nguvu huku uso umebadilika anatakiwa afike hospitali haraka kama mzee wa miaka 60.

Akikutwa na kansa mgonjwa anapewa rufaa kwenda kwenye hospitali yenye matibabu ya kansa, kama Ocean Road hapa Dar es Salaam, Bugando kwa Kanda ya Ziwa au KCMC kwa Kaskazini, na dokta wa misuli anaendelea kumfuatilia sambamba na wa kansa, asiachiwe mmoja. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe ukitolewa au ukitibiwa, ngozi inasafishika na nguvu zinarudi hata kwa dawa kidogo kuliko mwanzo. Kwa wengine misuli inaendelea kusumbua inabidi itibiwe kivyake, pamoja na mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, ambayo zamani yaliogopwa lakini sasa inajulikana ni salama na yanarudisha nguvu. Na aliyemaliza matibabu ya kansa akakaa vizuri, halafu siku moja kope zikaanza kuwa nyeusi tena, vifundo vikaota vinundu, kuinuka kitini kukawa kugumu, asianze kwa kuongeza vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini. Arudi kliniki na aseme wazi kwamba mara ya kwanza dalili hizi zilikuja na kansa, ili atafutwe upya kama imerudi.